Vidonda vya chatu vinavyorudi kila msimu wa mvua

Anayefuga chatu Kampala atakutana na ugonjwa huu tu. Magamba ya tumboni yanageuka kahawia, kingo zake zinanyanyuka, halafu yanatoka malengelenge madogo yenye majimaji. Unapaka dawa, anapona, mvua za Machi zikianza unaanza upya. Wangu ni yule chatu mfupi anayejiviringa akiogopa (kwa Kiingereza ball python), aina inayopatikana hata kwetu West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. (Kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ninacho; kama huna, shughulikia hilo kwanza.) Baada ya kumuuguza mara kadhaa, msimamo wangu ni huu: kidonda kikirudi palepale, acha kubadilisha dawa, kagua sakafu ya kasha.

Chatu huyu anahitaji hewa yenye unyevu wa asilimia 50 hadi 60, lakini tumbo lake lilale pakavu. Hapo ndipo wengi tunapochanganya. Ushauri wa kunyunyizia maji kila siku umeandikwa na watu wa nchi zenye baridi kavu. Msimu wa mvua hapa hewa yenyewe inatosha. Halafu kuna kutandika maganda ya kahawa, yale ya mabanda ya kuku. Ni ya bei nafuu na juu yanaonekana makavu, lakini penyeza vidole mpaka chini: utakuta ubaridi, mkojo na harufu ya ukungu. Mnyama akiwa mgonjwa tandika gazeti au karatasi za jikoni, ubadilishe kila akichafua. Kasha lioshwe kwa jiki iliyozimuliwa, lisuuzwe vizuri, likauke kabisa ndipo arudi.

Joto nalo ni sehemu ya tiba, maana nyoka aliyepoa kinga yake inalegea. Upande mmoja wa kasha uwe na digrii 31 hadi 33, mwingine 26 hivi. Usiku wa mvua, umeme ukikatika, chumba kinaweza kushuka chini ya 20. Mimi huweka kidumu cha maji ya moto kilichofungwa taulo, nje ya kasha, upande anaolala. Kama unatumia pedi ya umeme, iwe na kidhibiti joto, la sivyo itamuunguza tumbo na bakteria wataingilia hapohapo.

Kagua pia utitiri: vidoti vyeusi kwenye bakuli la maji, chini ya kidevu na kuzunguka macho. Dawa ya kupe ya ng'ombe usimwogeshe nayo, inaweza kumuua.

Kidonda kikiwa kidogo, zimua iodini ya povidoni ya asilimia 10, sehemu moja kwa kumi za maji, ifanane na chai ya rangi isiyokolea. Pangusa kwa shashi safi, iache dakika chache, kausha, kisha paka kidogo ile krimu ya fedha ya vidonda vya moto (silver sulfadiazine). Spiriti na Dettol ziache kabatini. Usitumbue malengelenge. Atajivua gamba mara nyingi kuliko kawaida wakati anapona, na ni dalili nzuri. Ila usimbandue kwa nguvu.

Kikizidi hapo ni kazi ya daktari wa mifugo, na wengi wao wamezoea ng'ombe na mbwa, kwa hiyo nenda na maswali. Kuna mmoja alitaka kumchoma wangu jentamisini, dawa ya kuua bakteria, kwa kukisia uzito. Nilikataa: dawa hiyo huumiza figo, hasa za nyoka aliyepungukiwa maji. Apimwe kwenye mizani, sindano ichomwe nusu ya mbele ya mwili. Kama ugonjwa umesharudi, omba usaha uoteshwe maabara ijulikane ni bakteria gani na dawa gani inawaua. Ukiwa Kampala anza kuulizia chuo cha udaktari wa wanyama cha Makerere. Na dozi uimalize hata magamba yakionekana safi.

Tumbo likiiva wekundu, akalegea au akawa anapumua mdomo wazi, mpeleke siku hiyohiyo. Huenda bakteria wameshaingia kwenye damu.

Bakuli na vitambaa vyake usivioshee kwenye sinki la jikoni, na ukimaliza kumhudumia nawa kwa sabuni. Nyoka hubeba salmonela hata akiwa mzima, na watoto wa chini ya miaka 5 ndio huumia zaidi.