Kabla Hujaandika Barua ya Kuacha Kazi Baada ya Likizo ya Uzazi

Mama anayekaribia kumaliza likizo ya uzazi hapa Lamu huulizwa swali moja na karibu kila anayekuja kumtazama mtoto: utarudi kazini au utakaa na mwanao? Swali hilo linaacha nafasi ya majibu mawili tu, ilhali kati ya hayo mawili kuna njia nyingine kadhaa zisizotajwa na mtu. Mimi ni mhasibu katika hoteli moja ya Shela, kijiji cha ufukweni hapa kisiwani. Majuma ya mwisho ya likizo yangu niliyatumia kuzichunguza njia hizo kwa makini, na ninayaandika haya kwa ajili ya mwenzangu ambaye usiku huu amemshika mtoto mkono mmoja na simu mkono wa pili, akitafuta namna ya kuianza barua ya kuacha kazi.

Anza na sheria, maana ndiyo itakayokupa muda wa kufikiri. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 29, inampa mama miezi 3 ya likizo kwa mshahara kamili, pamoja na haki ya kurudi kwenye kazi ileile aliyokuwa akiifanya au nyingine inayomfaa kwa masharti yasiyo duni kuliko ya awali. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba likizo hiyo haipunguzi likizo ya mwaka. Siku zako 21 za kazi zipo palepale, na mwajiri akikubali uzichukue mara tu ya uzazi inapokwisha, sheria huhesabu kwamba likizo ya uzazi imemalizika siku ya mwisho ya nyongeza hiyo, kwa hivyo haki ya kurudi haikupotei. Niliiomba nyongeza yangu kwa barua, nikabaki na nakala iliyopigwa muhuri, na ningemsihi kila mama afanye hivyo hata kama meneja wake ni mtu wa kuaminika, kwa sababu mameneja huhama.

Hata kwa nyongeza hiyo, mtoto huwa na umri wa miezi minne hivi unaporudi, na Shirika la Afya Duniani linashauri anyonyeshwe bila kupewa kitu kingine mpaka atimize miezi 6. Pengo hilo ndilo linalowafanya wengi waache kazi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha au kukamua maziwa, na inampa mama vipindi vya kufanya hivyo visivyozidi jumla ya saa 1 katika saa 8 za kazi, mbali na muda wa chakula. Nilipoliuliza jambo hili ofisini hapakuwa na mahali palipotengwa, lakini ombi lililoandikwa kwa adabu na kutaja sheria lilinipatia chumba kidogo chenye kufuli. Kumbuka pia joto letu. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama saa 4 hivi mahali pasipozidi nyuzijoto 25, na chumba cha namna hiyo hapa Lamu mwezi wa Machi ni nadra kukipata bila kiyoyozi. Yatie kwenye friji, ambako hukaa hadi siku 4, na ukiwa kwenye boti yabebe katika kisanduku chenye barafu.

Sasa hesabu, na hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri tunaoupata nyumbani. Tuseme mshahara wako ni shilingi 40,000, yaya ni 12,000 na nauli ya boti ni 5,000. Mtu atakwambia kwamba unafanya kazi mwezi mzima ili ubaki na 23,000, kwa hivyo heri ukae. Lakini kwa nini yaya alipwe kutoka mshahara wa mama peke yake? Mtoto ni wa wawili. Gawanya gharama yake kwa mapato ya mume na mke, kisha uongeze yale yasiyoonekana mfukoni: mchango ambao mwajiri anakulipia katika NSSF, yaani mfuko wa akiba ya uzeeni, bima ya afya ya SHA inayokatwa asilimia 2.75 ya mshahara, ambayo ukiacha kazi utailipa mwenyewe, na mkopo wa sacco ambao marejesho yake yanategemea mshahara huohuo. Baada ya hesabu hiyo unaweza bado kuamua kuacha, nami sitakulaumu, ila utakuwa umeamua kwa takwimu zilizokamilika.

Biashara ya nyumbani niliifikiria kwa dhati, kwa kuwa mapishi nayaweza na mtaani Langoni, hapa mjini, wateja hawakosekani. Kilichonizuia ni saa. Mahamri huuzwa alfajiri, viazi vya karai na bajia huuzwa jioni, na hizo ndizo saa ambazo mtoto mchanga humtaka mama yake kuliko zote, achilia mbali jiko la makaa linalowaka karibu naye. Ushonaji ungekuwa na nafuu. Nafasi ya ofisini kule Mokowe, upande wa bara, niliitazama pia, nikaiacha kwa ajili ya kuvuka, kwani mkubwa wa ofisi hawezi kumwambia nahodha aharakishe upepo wa kusi ukichafua mkondo. Shela ninaweza kwenda kwa miguu, ingawa maji yakijaa njia ya ufukweni hufunikwa mahali mahali.

Kilichoniamulia mwisho ni mazungumzo na mama mkwe. Sikumuuliza kama atanisaidia, kwa sababu najua angekubali hata kama hawezi. Nilimuuliza, "Mama, ni saa zipi ambazo wewe mwenyewe una nafasi na nguvu?" Akanijibu, "Asubuhi mwanangu nitakaa naye mimi. Ikishaadhini adhuhuri, nguvu sina." Basi nikajua kwamba ninahitaji kazi ya asubuhi tu kwa muda, na kwamba yaya hatahitajika siku nzima. (Na ukimwajiri yaya, mpe mapumziko yake ya siku moja kila juma. Naye ni mfanyakazi mwenye haki kama zako.)

Niliomba kupunguziwa saa na mshahara upungue kwa kadiri hiyo. Nilikuwa na bahati ya majira: mvua za masika zilikuwa zinakaribia, na hoteli nyingi za Shela hupunguza kazi au kufunga kabisa mwezi wa Mei na Juni, kwa hivyo ombi langu lilimpunguzia meneja gharama wakati ule ule alipokuwa akiitafuta nafuu. Tazama kalenda ya kazi yako kabla hujaomba. Mwalimu ana likizo za shule, na mhasibu ana mwisho wa mwaka wa fedha ambapo hakuna atakayemsikiliza. Makubaliano yetu yaliandikwa, yakataja kwamba nafasi yangu ya awali ipo, na yakaweka mapema Julai kuwa tarehe ya kuyapitia upya, kabla wageni wa Agosti hawajaanza kujaa na meneja angali ana muda wa kukaa kitako kunisikiliza.