Wu wei sio uvivu, na "adabu" nayo ina mtego wake

Msomaji anayeandaa notisi za falsafa ya China kwa Kiswahili ameniuliza hivi: kwa Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, kaweka ren = upendo, li = adabu, halafu kwa Laozi, mwanafalsafa mwingine wa kale, kaweka wu wei = kukaa bila kufanya kitu, mwenzie kamwambia hiyo ya mwisho si ni uvivu tu, je arekebishe wapi?

Ren haina shida kubwa, badala ya upendo weka utu. Herufi yake ya Kichina ina alama ya mtu na alama ya mbili, na sie tukisema fulani hana utu tunaangalia hukohuko, anavyoishi na wenzie.

Li ndo penye kazi. Adabu inakaribia kweli, Confucius huyu mkeka ukiwa umekaa upande haukalii mpaka unyooshwe. Ila kwetu kumtia mtu adabu ni kumwadhibu, na yeye alifundisha kinyume kabisa, kwamba ukiongoza watu kwa amri na adhabu watakwepa adhabu tu na haya hawatakuwa nayo, bali ukiwaongoza kwa wema na li wataona haya na watajirekebisha wenyewe. Sasa utawekaje neno lenye fimbo ndani yake? Mi naandika taratibu za staha, humo zinaingia salamu, mazishi, hata matambiko ya wazee.

Wu wei umeitafsiri neno kwa neno, ndo maana mwenzio kaona uvivu. Mwangalie yule mpishi kwenye hadithi ya Zhuangzi, mwanafalsafa wa mkondo uleule wa Laozi, anayechana ng'ombe, kisu chake kina miaka 19 na kishapita kwenye ng'ombe maelfu lakini makali ni kama kimetoka kwenye kinoo sasa hivi, manake hagongi mfupa, anapitisha kwenye uwazi wa maungio na akifika pagumu anapunguza mwendo anakaza macho. Huyo ni mvivu kweli? Laozi naye kasema kutawala nchi kubwa ni kama kupika samaki wadogo, na aliyewahi kukaanga dagaa wabichi anajua ukiwageuzageuza wanameguka wote. Kwa hiyo andika kutolazimisha mambo. Wengine wanapenda "kuacha mambo yajiendee", ni nzuri kwa sikio lakini mtu anayejiendea zake kwa Kiswahili ni kama hajali, na yule mpishi anajali mno.

Na hapo utaona mafunzo ya Confucius na ya Laozi yanapogombana. Sura ya 38 ya kitabu cha Laozi inasema mtu wa li akitenda na wenzie wasimwitikie, anakunja mikono ya nguo yake anawavuta kwa nguvu. Ukiandika "mtu mwenye adabu" pale, msomaji atadhani Laozi anafundisha utovu wa adabu. Andika "mtu wa taratibu", ataona kinacholaumiwa ni ile mikono iliyokunjwa.