"Didn't never" na mahali pa kuweka "really"

Pole ndugu, mwalimu kukukata alama kwa "I didn't never went there" kunaeleweka. "Never" tayari ni kanusho, kwa hiyo "didn't" iondoke: "I never went there". Ukiing'ang'ania "didn't", kitenzi kinarudi kuwa "go" na "never" inageuka "ever": "I didn't ever go there". "Hardly" (kwa shida, karibu hapana) nayo tayari ina ukanusho, haitaki "didn't": "I hardly slept", basi.

Hilo uliloniuliza, "really" ikae wapi kwenye sentensi ya kukanusha, ndilo lenye mtego. "I didn't really like the food" maana yake chakula hakikunivutia sana; "I really didn't like the food" ni sikukipenda hata kidogo. Mimi nilimwambia mwenyeji wangu hiyo ya pili nikidhani napunguza makali. Kimya kilichofuata, we acha tu!

"Yesterday" iweke mwishoni, au mwanzoni ukitaka kuisisitiza, lakini usiichomeke kati ya "didn't" na kitenzi.

Kwenye filamu utasikia kanusho mbili mbili. Ni lahaja za wenyewe, ila kwenye mtihani zitakuponza. Na kama unaandika barua ya kazi, mpe mwalimu wa Kiingereza aipitie kabla hujaituma.