Bunda si kilo: majani ya farasi mu kiangazi ya Lubumbashi

Mwezi wa 6 hapa Lubumbashi ukiamuka asubui sana unaona moshi inatoka mu kinywa yako, degre inashuka mpaka kama 7, na wa kwanza kunipigia simu ni patro, mwenye farasi, anauliza kama farasi beko na blanketi. Mu miaka yote ile hajaniuliza hata siku moja kama bamekula kilo ngapi. Simulaumu, hata miye mwanzo nilikuwa vile vile, nilifikiri baridi njo adui. Kumbe adui ni mwezi wa 8, baridi imeisha, jua inapiga, na weye unafungua depo unakuta majani imebakia ya siku tatu.

Ile ilinipata mwaka wangu wa kwanza pa ekuri, nyumba ya farasi. Tulikuwa na farasi mbili na poni mbili. Muzee mumoja wa upande wa njia ya Kipushi njo alikuwa anatukatia majani na kuikausha, akaniambia kila bunda ni kilo 15. Nikanunua mabunda 400, nikapiga hesabu mu kichwa, 400 mara 15 ni kilo 6,000, tani 6 nzima, nikalala usingizi muzuri. Sikupima hata bunda moja! Nilikuwa nagawa kwa macho tu, natupa chini mu mavumbi, farasi banakanyaga, banakojolea, ingine upepo inabeba. Katikati ya mwezi wa 8 ikaisha. Nilipoazima balanse ya kutundika, ile ya bamama ba samaki, nikapima mabunda ya mwisho: 7, 9, 11, ingine 8. Tuseme kilo 9. Kwa hiyo sikukuwa na tani 6, nilikuwa na tani 3 na nusu na kidogo, na muzee sijui kama alinidanganya ao yeye pia hakupimaka.

Sasa utoke mu mwezi wa 8 kutafuta majani. Pori yote karibu na muji imeshachomwa, bantu banachoma juu ya panya, juu ya mashamba, juu ya kuchoma tu, njiani unaona majivu na miti nyeusi. Bantu ba kinga (baiskeli), bale bale banabeba makala, walikuwa banatuletea majani kutoka mbali, bei karibu mara mbili, na ilikuwa vijiti sawa ufagio.

Patro akasema, ongeza pumba na mahindi, si hata sisi bantu tunaishi na bukari? Nikaongeza. Siku ya nne Kapepo, poni yetu mdogo, akaanza kuangalia tumbo yake, analala, anaamuka, anapiga chini na muguu, mavi hakuna. Koliki, tumbo kuuma vibaya. Veterinera akaingiza mupira mu pua mpaka mu tumbo, akamwanga mafuta, na miye nikatembea naye polepole mu lupango usiku muzima na ile baridi. Akapona, lakini mpaka mvua inaanza mifupa yake ya kiuno ilikuwa inaonekana.

Ile usiku veterinera alinieleza vitu ambavyo ningependa kuvijua mu mwezi wa 4. Farasi si ng'ombe. Tumbo yake ya kwanza ni kidogo sana, litre 8 mpaka 15 tu, na asidi inatoka mule muchana na usiku, akule asikule. Kinachopunguza ile asidi ni mate, na mate ya farasi inatoka wakati anatafuna. Ukimwacha saa nyingi bila kitu ya kutafuna, asidi inakula tumbo, anapata vidonda, anaanza kula mbao za mulango, muchanga, hata mavi yake. Mahindi anamaliza kwa dakika chache, hajatafuna kitu. Na yakiwa mingi yanateremuka mpaka mu tumbo kubwa ya nyuma, inavuruga kila kitu, unapata koliki ao kwato zinawaka moto mpaka hawezi kusimama. Pumba nayo ikipita kiasi siku mingi, fosfori inakuwa mingi kuliko kalsiyumu, mwili unaanza kuiba mu mifupa, kichwa kinavimba. Na tafadhali, mahindi yenye kuoza, ile yenye ukungu wa rangi ya pinki, usimupe farasi hata kidogo, iko na sumu inayoharibu ubongo wake. Kuku banaweza kuivumilia, farasi hapana, anakufa.

Na ile mambo ya baridi? Majani yanavunda mu tumbo ya nyuma, na kuvunda kule njo kunaleta joto. Yaani jiko iko ndani yake, makala ni majani. Kule Canada kwenye teluji banaongeza majani kadiri baridi inavyoongezeka. Hapa kwetu farasi mwenye manyoya na tumbo yenye kujaa degre 7 haimusumbui. Blanketi juu ya njaa ni kama kufunika sufuria tupu.

Sasa hesabu, hii fanya mwezi wa 3, si mwezi wa 7. Pima farasi wako. Kama hauna balanse kubwa, chukua metre ya mufundi wa nguo, zungusha kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka bega mpaka ku mufupa wa matako. Kifua mara kifua, mara urefu, gawa kwa 11,880, vyote mu sentimetre, unapata kilo. Farasi wetu mukubwa: 180 mara 180 mara 165, inatoka 450. Chukua asilimia 2 ya ile uzito, njo majani kavu ya siku moja. Kwetu farasi mbili kilo 9 kila mumoja, poni mbili za kilo 250 kilo 5 kila mumoja, jumla 28 kwa siku. Kutoka tarehe 1 mwezi wa 5 mpaka mwisho wa mwezi wa 11 ni siku 214. Ni karibu tani 6, ongeza ya kuharibika, sema tani 7. Usihesabu mpaka mvua ya kwanza! Mvua inaweza kunyesha mwisho wa mwezi wa 10, lakini majani ya kula haioti siku ile ile.

Siku hizi tunakatisha sisi wenyewe, mwezi wa 3 na wa 4, mbele majani ianze kutoa mbegu, juu ikishakomaa inakuwa vijiti tu, ndefu kabisa lakini chakula hamuna. Shida ni mvua za mwisho. Tunageuza siku mbili tatu kwa jua, na mbele ya kuweka mu depo naingiza mukono katikati ya bunda: kama iko joto ao iko na harufu ya kuoza, inarudi inje, kwani ikiwekwa mbichi inapata ukungu na inaweza hata kujiwasha moto. Depo yetu iko juu ya palete na matofali, kwa sababu ya muchwa, hii Katanga yetu muchwa hawana huruma. Bamama bakivuna karanga tunanunua majani yake pia, farasi banaipenda, lakini tunakataa yenye ukungu. Na majani ya matembele kama ziko.

Kugawa: mu wavu wa matundu madogo, si chini. Kidogo kidogo mara tatu nne, na fungu kubwa jioni, juu usiku ni murefu. Mayi tele, farasi anaekula majani makavu anahitaji litre 30 ao zaidi kwa siku, na ndoo tupu usiku ni koliki ya asubui. Kila wiki ingiza vidole mu manyoya uguse mbavu, macho yanadanganya kwani manyoya ya baridi inamuonyesha munene.

Mvua ikianza usibaachilie siku nzima ku majani mabichi, dakika kidogo kidogo kwa wiki mbili, na makavu inaendelea. Mwaka uliopita bunda ya mwisho tulifungua tarehe 2 mwezi wa 12. Upande moja ilikuwa imeliwa na muchwa.