Swali la lugha: "Jimbo la Wisconsin lina majimbo 99"?

Msomaji mmoja huwa anawatafsiria wenzake kwenye grupu la WhatsApp habari za siasa za Marekani, juzi kaandika hivi: "Jimbo la Wisconsin lina majimbo 99 ya bunge na mipaka yake ilibadilika mwaka 2024." Wakamcheka, eti jimbo linazaaje majimbo. Sasa anauliza kakosea wapi, na je angesema wilaya?

Wilaya hapana. Wilaya kwetu Tanzania ina mkuu wa wilaya, ina ofisi, ni ngazi ya utawala, wakati hizo 99 ni sehemu za kuchagulia mbunge wa bunge la Wisconsin lenyewe tu basi. Isitoshe Wisconsin ina kaunti 72, ukisema wilaya mtu atadhani unazisema hizo.

Kwenye jimbo kusema kweli hajakosea. Mtanzania anasema jimbo la Kivule na huyohuyo anasema jimbo la Texas, hachanganyikiwi, shida inakuja yakikutana kwenye sentensi moja. Hapa Wakenya wametuzidi, wao wana eneo bunge, wingi maeneo bunge, yapo 290, na kwao ukitaja majimbo wazee wanakumbuka mvutano wa serikali za majimbo kwenye katiba ya 1963, mambo mengine kabisa. Mimi ningeazima la kwao bila aibu: "Jimbo la Wisconsin lina maeneo bunge 99." Kama unaandikia Watanzania watupu na hutaki kuazima basi weka majimbo ya uchaguzi, hilo "ya uchaguzi" usilidondoshe. Seneti ya jimbo ina viti 33, kila kiti ni maeneo bunge matatu yameunganishwa, hapo sema eneo la useneta. Na viti 8 vya Wisconsin kule Kongresi, Washington, ni habari nyingine, vina ramani yao na mabadiliko ya 2024 hayakuigusa.

Ila kosa lenyewe hao wacheshi hawakuliona kabisa, liko kwenye kitenzi. "Ilibadilika." Yaani mipaka iliamka asubuhi ikajikuta imesogea? Ukiweka -ik- pale, mtendaji anapotea, na kwenye habari hii mtendaji ndo habari yenyewe. Mwaka 2011 chama cha Republican walishika bunge la jimbo na ugavana wakachora ramani iliyowabeba, baada ya sensa ya 2020 ikatoka nyingine inayofanana nayo sana, watu wakaenda mahakamani, Desemba 2023 Mahakama ya Juu ya jimbo ikaitupa kwa kura 4 kwa 3 kwa sababu maeneo mengi yalikuwa na vipande vimekaa peke yake kama visiwa, havigusani na eneo lake, na katiba ya jimbo inataka vigusane. Februari 2024 gavana Tony Evers akasaini ramani mpya iliyopitishwa na bunge. Kwa hiyo mipaka ilibadilishwa, au ilichorwa upya, na ukiweza mtaje aliyeshika kalamu.

Mbona nyumbani hatukosei hili? Mwaka 2025 Tume ya Uchaguzi ilipotoa Kivule kutoka Ukonga tulisema jimbo limegawanywa. Ukisema limegawanyika watu watakuuliza kuna ugomvi gani huko, kambi ya nani na ya nani.

La mwisho, huko maeneo bunge yanaitwa kwa namba, hayana majina kama yetu, na ramani ikichorwa upya namba inaweza kubaki ileile wakati watu wake na miji yake ni mingine. Ukiandika "eneo bunge namba 45" ongeza ni la ramani ya mwaka gani, la sivyo msomaji atalinganisha kura za 2022 na za 2024 akidhani ni wapiga kura walewale.