Vitofali vya magazeti vinafuka moshi tu, nakosea wapi?

SWALI: Habari za kazi dada. Naloweka magazeti ya zamani, nayaponda, nakandamiza kwenye kalibu napata vitofali vizuri tu vizito, naanika wiki nzima mpaka vinakuwa vigumu, lakini nikivitia motoni vinafuka moshi mzito halafu vinazima, hadi nyumbani wameniambia niachane na haya makaratasi. Huwa nachanganya na majarida ya rangi yale yanayong'aa. Na kuna mtu kaniambia nitie gundi, ni kweli?

JIBU: Salama ndugu yangu, na tafadhali usiachane nayo, umebakiza kidogo tu. Chukua kitofali kimoja ukivunje katikati. Nje kigumu kama ubao, sawa, ila ndani utakuta rangi imekoza, na ukikigusisha shavuni kina ubaridi. Hayo ni maji bado yamo. Kilo 1 tu ya maji inakula zaidi ya megajuli 2 za joto mpaka iishe kuwa mvuke, kwa hiyo moto wako unafanya kazi ya kuchemsha maji, joto linashuka, zile gesi zinazotoka kwenye karatasi zinashindwa kushika moto zinaondoka zikiwa moshi, yaani kuni yako inapaa hivihivi unaiangalia.

Wiki moja haitoshi kwa kitofali kinene hata kama jua ni kali, maana maji ya katikati yanasafiri polepole sana kufika nje, na ukiongeza unene mara mbili muda wa kukauka unaweza kufika mara nne. Tengeneza vyembamba, sentimita 4 au 5 inatosha, toboa tundu katikati (linasaidia kukausha na baadaye linapitisha hewa kwenye moto), visimamishe kwa ubavu juu ya wavu penye upepo, vipeane nafasi. Usiamini mkono, tumia mizani. Pima kitofali kimoja kila baada ya siku kadhaa, kama uzito bado unashuka basi hakijakauka, hata kama ni wiki ya nne.

Majarida yanayong'aa toa kabisa. Ule mng'ao mara nyingi ni udongo mweupe, kaolini, na udongo hauungui, unabaki majivu mengi yanaziba hewa. Gazeti la kawaida ni mti uliosagwa karibu wote pamoja na lignini yake (kile kinachoshikanisha nyuzi za mti), ndiyo hiyo hiyo inayofanya gazeti la zamani kuwa la njano, nayo inawaka vizuri.

Gundi hapana, haina kazi hapo. Nyuzi za karatasi zikilowa zinasokotana zenyewe, ila lazima uchane vipande vidogo, uloweke siku 2 au 3, uponde mpaka iwe rojo kweli, kurasa zisionekane tena, la sivyo kitofali kinabanduka tabaka tabaka motoni. Vumbi la mbao kidogo unaweza kuongeza, mbao isiyopakwa rangi wala dawa.

Na hili nakuomba sana, usiviwashe kwenye chumba kilichofungwa au jiko lisilo na dohani. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, haina harufu wala rangi, mtu analala nayo asiamke. Ukishavikausha anza na kimoja juu ya kuni zilizokwisha kushika moto, halafu niandikie kimewakaje.