Msianze na mnyoo, anzeni na lambo

Mmeuliza wiki hii: vijana walio kwenye balehe wafundishwe vipi kujikinga na maradhi na kuishi kiafya? Mimi nafundisha baiolojia sekondari huku Usukuma, kwenye vijiji vya mpunga na malambo, kwa hiyo nitajibu kwa ugonjwa mmoja tu ninaokutana nao kila muhula: kichocho, kinacholetwa na mnyoo anayeingia mwilini mtu akiwa majini.

Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kukuchorea maisha yote ya kimelea cha kichocho bila kukosea mshale hata mmoja. Mayai hutoka na mkojo, huanguliwa majini, kimelea huingia kwa konokono, huzaliana humo, kisha hutoka kikiwa na mkia na kupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Alama zote anapata. Jumamosi saa saba mchana yumo lambo anaogelea huku ng'ombe wa baba yake wakinywa pembeni. Na mchana wa jua kali ndio wakati vimelea vya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi kwenye konokono. Kwenye mchoro wake hakuna saa.

Msimwite mjinga. Ng'ombe ametumwa kuwanywesha, joto halivumiliki, na lambo ni hilo hilo moja. Mpunga nao hupandwa miguu ikiwa ndani ya jaruba. Tukimwambia "usiingie majini" tunamwamuru jambo ambalo hata mwalimu wake mwenye shamba halitekelezi.

Kwamba kujua ni kitu kimoja na kutenda ni kingine, sisemi kwa kubuni. Mkoani Mwanza, kuanzia 1999, mradi wa MEMA kwa Vijana ulihusisha jamii 20. Katika 10, wanafunzi wa darasa la tano hadi la saba walifundishwa afya ya uzazi, na zahanati ziliandaliwa kuwapokea vijana bila kuwakaripia; 10 nyingine zilibaki za kulinganishia. Vijana walipopimwa tena 2007 na 2008, waliofundishwa bado walikuwa wanajua zaidi ya wenzao. Maambukizi ya VVU hayakuonyesha tofauti. Natamani kila mwandaaji wa semina za vijana asome matokeo yale kabla ya kuagiza fulana na kofia.

Kwa hiyo mimi siku hizi siwaanzishi na mnyoo. Kila mmoja anachora njia yake ya siku nzima: anaoga wapi, anachunga wapi, anavua wapi, na akibanwa na mkojo anajisaidia wapi. Hapo kicheko hakikosekani, na ni kicheko kizuri, kwa sababu mara moja wanaona wenyewe kwamba wanakojoa ukingoni mwa maji yale yale wanayooga. Kisha tunajadili kipi kinaweza kubadilika bila kumwomba mzazi hela. Kukojoa mbali na maji kunawezekana leo. Maji ya kuoga yakichotwa bila konokono na kuachwa kwenye ndoo siku mbili, vimelea vilivyomo hufa vyenyewe. Kinachotakiwa ni ndoo ya ziada na mtu wa kukumbuka kuchota mapema. Kuwahi lambo asubuhi hupunguza hatari, hakuiondoi, na nawaambia hivyo hivyo. Kijana akigundua umemtilia chumvi kwenye jambo moja, hata lile la kweli halipokei.

Jingine ni vidonge. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, huua minyoo iliyokomaa mwilini, haizuii mipya kuingia kesho yake. "Mwalimu, mimi nilimeza mwaka jana" ni jibu ninalolisikia sana. Si kama chanjo ya kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, ambayo tangu 2024 wasichana wa miaka 9 hadi 14 wanapewa dozi moja basi. Na vidonge vya kichocho mtu ameze akiwa ameshakula, la sivyo tumbo litamsokota na mtaani itasemwa watoto wamepewa sumu. Morogoro mwaka 2008 wazazi walivamia shule kwa hofu ya namna hiyo hiyo. Hakuna somo la afya kwa kijana litakalosimama kama mama yake analisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa jirani.

Nimeacha la wasichana mwisho kwa sababu ndilo linaloniuma. Mvulana akikojoa damu, wenzake humtania, na wapo wanaodhani ni dalili ya kukua. Msichana mayai ya kichocho yakimkwama kwenye mlango wa kizazi, hupata vidonda, maumivu, uchafu, pengine damu isiyo ya hedhi. Dalili hizo hufanana na za magonjwa ya zinaa. Akienda zahanati huulizwa kwanza habari za wanaume, mbele ya shangazi aliyemsindikiza, ilhali msichana mwenyewe pengine hajawahi hata kushikwa mkono na mwanaume. Harudi tena. Vidonda hivyo vinaweza hata kurahisisha VVU kuingia, na dawa ya magonjwa ya zinaa aliyopewa siyo ya ugonjwa wake.

Darasani hili nalisema kwa wavulana na wasichana pamoja, waziwazi. Wasichana nawapa na sentensi ya kwenda nayo kwa muuguzi, tunaifanyia mazoezi kwa sauti: "Naoga lambo, naomba nipimwe kichocho."